Shajara ya mradi: betri za malori, kabla baridi haijakaza

Mwanzo wa kazi

Mradi wenyewe ni huu: kila lori la gereji yetu liingie msimu wa baridi likiwa na betri zilizojaa chaji, zilizopimwa moja moja, zenye kebo safi. Na kila anayezigusa, awe fundi au dereva, ajue namna ya kuzigusa bila kuumia. Magari karibu yote ni ya volti 24, yaani betri mbili za volti 12 zilizoungwa kwa mfululizo. Machache ya zamani yanatumia volti 12, na hayo yana betri nne zilizoungwa sambamba.

Tumeanza wakati hakuna hata anayefikiria koti, na wapo waliouliza haraka ya nini. Betri inayogoma asubuhi ya baridi huwa imeanza kufa zamani, kwenye miezi ya joto. Joto ndilo linalokausha maji na kula vyuma vya sahani za ndani. Baridi ikija inafichua tu. Tukisubiri mpaka gari ligome, hatutakuwa tunatunza betri bali tutakuwa tunazizika.

Vifaa vya usalama kwanza

Kabla sijatoa mita kwenye sanduku nimehakikisha tuna miwani ya kukinga macho, glavu za mpira, aproni, na chombo cha maji safi mengi karibu na eneo la kuchajia. Asidi ikimrukia mtu machoni, macho yaoshwe kwa maji yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, kisha aende kwa daktari hata kama anasema haumwi. Kwa asidi iliyomwagika sakafuni au kwenye chasisi tunatumia baking soda iliyokorogwa kwenye maji, tunamwaga mpaka mapovu yaishe, ndipo tunasuuza. Soda hiyo isiingie ndani ya betri, itaua asidi inayofanya kazi humo.

Betri inapochajiwa hutoa haidrojeni. Gesi hiyo haina harufu, na ikifika asilimia 4 tu ya hewa inaweza kulipuka. Kwa hiyo milango iwe wazi, sigara zibaki nje, na chaja izimwe kabla ya kufunga au kufungua klipu zake. Cheche ndogo ya klipu inatosha.

Msaidizi wangu alifika kazini na pete kidoleni na saa ya chuma mkononi. Nilimpa ashike spana ya zamani tunayoihifadhi kwenye droo. Upande mmoja ina pengo la mviringo, kingo zake laini, chuma kimeyeyuka na kuganda tena. Spana hiyo iligusa terminali ya chanya na chasisi kwa pamoja, kwa muda mfupi kuliko wa kupiga chafya. Alipitisha kidole kwenye lile pengo, akavua pete bila kuambiwa. Tangu hapo spana zetu za betri zina mpini uliozungushiwa mpira, na utaratibu haubadiliki: kufungua tunaanza na hasi, kufunga tunamalizia na hasi. Ukianza na hasi, spana ikigusa chasisi hakuna kinachotokea, maana chasisi yenyewe ni hasi.

Na uzito nao usidharauliwe. Betri kubwa ya lori, yenye ampia-saa 225, ina zaidi ya kilo 50. Inabebwa na watu wawili au kwa mkanda na winchi. Mgongo ulioumia hauna kiraka.

Kupima: volti peke yake hazitoshi

Kipimo cha volti ni rahisi, ndiyo maana watu huishia hapo. Betri ya maji iliyotulia saa kadhaa bila kuchajiwa wala kutumika inaonyesha volti 12.6 hadi 12.7 ikiwa imejaa. Kwenye 12.4 imebaki na robo tatu, kwenye 12.2 nusu, na ikifika 12.0 ni robo tu. Neno muhimu hapo ni "iliyotulia". Lori lililozimwa sasa hivi litakuonyesha volti za juu ambazo ni chaji ya juujuu tu, na zitashuka. Ukiwa na haraka, washa taa kubwa dakika chache, zima, subiri kidogo, ndipo upime.

Haidromita, kifaa cha kupimia uzito wa asidi, inasema ukweli zaidi kwa betri zenye vifuniko vinavyofunguka. Asidi ya betri iliyojaa ina uzito wa takriban 1.265 ukilinganisha na maji, ya betri yenye nusu 1.190, na ya betri iliyoisha 1.120. Kila seli, yaani kila chumba cha ndani ya betri, inapimwa peke yake, na nikiona seli moja imeachana na wenzake kwa zaidi ya 0.050 siendelei kuibembeleza betri hiyo.

Hapa kuna jambo ambalo nimewasisitizia sana wenzangu. Haidromita nyingi zimepangwa kwa nyuzi 27 za Selsiasi. Asidi ikiwa baridi inakuwa nzito, hivyo kipimo kinakudanganya kwamba chaji ni nyingi. Kanuni ni kupunguza 0.004 kwa kila nyuzi 5.5 chini ya hizo 27. Msaidizi alipima seli asubuhi, asidi ikiwa nyuzi 5, akasoma 1.260 na kuandika "imejaa". Tukakokotoa pamoja: tofauti ni nyuzi 22, yaani mara nne, tunapunguza 0.016, inabaki 1.244. Hiyo haijajaa. Betri hiyo ilirudi kwenye chaja.

Maji nayo tunaongeza kwa utaratibu. Ni maji yaliyokenekwa tu, si ya bomba, wala si asidi mpya, kwa kuwa kinachopotea ndani ni maji. Tunajaza baada ya kuchaji, isipokuwa sahani zikiwa zimeachwa wazi. Hapo unaongeza kiasi cha kuzifunika kwanza, unachaji, kisha unamalizia. Na wakati wa baridi gari haliachwi limelala mara tu baada ya kuongezewa maji. Maji mapya hukaa juu bila kuchanganyika na asidi, na maji matupu huganda kwenye sifuri.

Lori lenye redio

Kazi ya leo imenichukua muda kuliko nilivyotarajia, lakini ndiyo iliyonifundisha zaidi hali ya magari yetu.

Lori hili dereva wake ni mzee wa kazi, mtu anayelipenda gari lake. Analalamika kwamba stata, mota ya kuwashia injini, inazunguka kwa uchovu. Nimepima betri mbili kwa pamoja: volti 25.0. Mtu angesema si mbaya sana. Nikapima kila moja: ya upande wa chanya 12.8, ya upande wa hasi 12.2. Tofauti ya namna hiyo haiji yenyewe. Nikafuata nyaya kwa tochi, nikakuta waya mwembamba umetoka kwenye kiungo cha katikati ya betri mbili, ukapita nyuma ya kiti, ukaishia kwenye redio na soketi ya kuchajia simu.

"Mzee," nikamwambia, "redio yako inakula betri moja tu."

"Fundi, si inataka volti kumi na mbili? Nilimwona mwenzangu amefanya hivyo."

Ni kweli inataka 12, na ndiyo sababu makosa haya yameenea. Ukichukua volti 12 katikati ya mfumo wa 24, betri ya chini inatumika na ya juu haitumiki. Alteneta, jenereta ya injini, lakini haijui hilo, inachaji zote mbili kwa mkondo uleule kana kwamba ni kitu kimoja. Matokeo yake ya chini haijai kamwe, na sahani zake zinashika salfati ngumu isiyorudi tena kwa kuchaji. Ya juu inachajiwa kupita kiasi, inachemka na kukauka. Nilipofungua vifuniko vya ile ya juu nilikuta ncha za sahani zinachungulia juu ya maji. Kwa hiyo gari moja limeua betri mbili kwa njia mbili tofauti, na mita ya dashibodi ilikuwa inaonyesha kila kitu kiko sawa.

Dawa yake ni kifaa cha kubadili volti 24 kuwa 12, kinachochukua umeme kwenye betri zote mbili kwa usawa. Tumekifunga leo. Betri mpya zimeingia mbili kwa mpigo, aina moja, uwezo mmoja. Mpya na kuukuu zikiungwa kwa mfululizo, kuukuu huivuta mpya chini, hivyo tunabadilisha jozi nzima. Mzee amepewa soketi yake ya simu, amefurahi.

Baada ya hapo tumepita magari yote kutafuta waya wa katikati. Tumeupata kwenye mengine pia.

Kebo na arthi

Ukaguzi huu ni wa haraka lakini una faida kubwa. Stata ya dizeli kubwa huvuta mamia ya ampia. Kwa ampia 500, ukinzani wa sehemu moja ya elfu ya omu tu unapoteza nusu volti. Kutu ya unene wa karatasi chini ya bolti ya arthi, ile inayofunga kebo ya hasi kwenye chasisi, inatosha kufikisha hapo.

Tunapima gari likiwa linapigwa stata: ncha moja ya mita kwenye terminali yenyewe ya hasi, nyingine kwenye bloku ya injini. Ikisoma zaidi ya sehemu chache za kumi za volti, kebo inafunguliwa, inasuguliwa kwa brashi ya waya mpaka chuma king'ae, inafungwa kwa nguvu aliyoagiza mtengenezaji, kisha inapakwa grisi. Grisi ije baada ya kukaza. Na betri ikazwe kwenye kitanda chake. Mtikisiko wa barabara unapukutisha sahani hata kama chaji iko sawa.

Baridi imeingia

Usiku wa kwanza wa baridi ya kweli umepita. Magari yaliyokaguliwa yamewaka yote.

Nimebandika ukutani kwenye chumba cha madereva maelezo ya kwa nini asubuhi kama hii ni ngumu. Kwenye nyuzi 0, betri iliyojaa inatoa takriban theluthi mbili tu ya nguvu yake ya wakati wa joto. Kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri inabaki kama asilimia 40. Wakati huohuo oili ya injini imekuwa nzito, na injini inataka nguvu maradufu ili izunguke. Ndiyo maana lebo ya betri ina namba ya ampia za kuwashia kwenye baridi: ni ampia inazoweza kutoa kwa sekunde 30 ikiwa nyuzi 18 chini ya sifuri, bila kushuka chini ya volti 7.2. Ukinunua betri, soma namba hiyo na uilinganishe na anachotaka mtengenezaji wa gari.

Maagizo kwa madereva: subiri taa ya vipasha-joto izime kabla ya kupiga stata. Usishikilie stata kwa muda mrefu. Sekunde chache, ukiona haijawaka acha, subiri dakika mbili ipoe, rudia. Taa, feni na vitu vingine vyote viwe vimezimwa.

Betri iliyoganda

Trela yenye mlango wa kupandishia mizigo ilikuwa imeegeshwa nyuma ya yadi, nje ya orodha yetu. Betri ya mlango huo iliachwa na chaji kidogo tangu safari yake ya mwisho. Asubuhi hii kijana mmoja amekuja mbio na kebo za kubusti mabegani.

"Kaka, nipe gari moja nibusti hii, mzigo unasubiri."

Nikamwambia asiguse kitu mpaka nifike.

Ukuta wa betri ulikuwa umevimba, upande mrefu umebinuka kiasi cha kuonekana kwa jicho. Nilimulika kwa tochi kwenye kioo kidogo cha ukaguzi. Badala ya maji yanayocheza niliona weupe uliotulia. Imeganda. Asidi ya betri iliyojaa inahitaji baridi ya zaidi ya nyuzi 50 chini ya sifuri ili igande, jambo ambalo magari yetu hayatalikuta. Betri iliyoisha, asidi yake ni karibu maji matupu, na inaganda kwenye nyuzi 10 hivi chini ya sifuri, wakati mwingine hata kabla ya hapo. Chaji peke yake ndiyo inayotenganisha hizo mbili.

Betri iliyoganda haibustiwi na haichajiwi. Barafu inaweza kuwa imepinda sahani na kupasua vitenganishi, hivyo ndani kuna uwezekano wa sahani kugusana. Ukisukuma mamia ya ampia humo unapata cheche ndani ya boksi lenye haidrojeni, na gesi haina pa kutokea kwa sababu njia zimezibwa na barafu. Boksi hulipuka na asidi inaruka usoni kwa mtu aliyeinama juu yake. Nilimweleza kijana hayo nikiwa nimesimama kati yake na betri, na akaelewa.

Tumeifungua, hasi kwanza, tukaiweka ndani kwenye beseni la plastiki ili iyeyuke taratibu. Hakuna moto, hakuna maji ya moto. Ilipoyeyuka, asidi ilivuja kupitia ufa mwembamba kwenye kona ya chini. Soda, maji, glavu. Betri imekwenda kwenye rundo la kurejelezwa, kwa sababu risasi na asidi yake havitupwi jalalani. Mzigo ulishushwa kwa fokolifti. Trela zote sasa ziko kwenye orodha.

Namna ya kubusti

Kisa cha jana kimetufanya tukae na madereva wote. Kwanza angalia: volti za magari mawili zilingane, 24 kwa 24. Betri isiwe imevimba, imepasuka au imeganda. Magari yasigusane. Kebo nyekundu inaanza kwenye chanya ya betri iliyoisha, kisha chanya ya betri nzima. Nyeusi inaanza kwenye hasi ya betri nzima, na ncha ya mwisho inafungwa kwenye chuma kitupu cha injini au chasisi ya gari lililokwama, mbali na betri. Muungano wa mwisho ndio unaotoa cheche, hivyo tunataka cheche hiyo iwe mbali na gesi. Kutoa ni kinyumenyume. Kwa volti 24 unabusti mfumo mzima, si betri moja katikati.

Likishawaka, lisizimwe baada ya dakika tano kwa kudhani limechaji. Betri baridi hupokea chaji polepole mno. Gari hilo liende safari ndefu au lirudi kwenye chaja usiku.

Kuchaji usiku

Chaja zetu mbili zina kihisi cha joto, na sasa nimehakikisha kinabandikwa kwenye betri yenyewe badala ya kuning'inia hewani. Betri ya maji inahitaji takriban milivolti 3 zaidi kwa kila seli kwa kila nyuzi moja inayoshuka. Chaja iliyopangwa kwa volti 14.4 kwenye nyuzi 25, ikikutana na betri ya nyuzi 10 chini ya sifuri, inapaswa kupanda hadi karibu 15.0. Isipopanda, itawasha taa ya kijani na betri haijajaa. Kwa betri za AGM, ambazo asidi yake imefyonzwa kwenye matandiko ya nyuzi za kioo, tunafuata mpaka wa volti ulioandikwa na mtengenezaji na hatuuvuki.

Mkondo tunauweka karibu sehemu moja ya kumi ya ampia-saa: betri ya 180 kwa ampia 18. Ukisikia ukuta wa betri una joto la kuunguza kiganja, punguza au simamisha. Na betri iliyoletwa ndani kutoka baridini haipati joto kwa saa moja; chuma na asidi ya kilo zote hizo hukaa baridi hata siku nzima. Tunaisubiri.

Wanaokunywa usiku

Gari likiwa limezimwa, kifaa cha kufuatilia safari, takografu (kinasa mwendo na saa za dereva) na kompyuta bado vinanyonya. Milliampia 50 zinaonekana si kitu, lakini ni ampia-saa 1.2 kwa siku, na kwa mwezi 36. Kwenye betri ya 180 hiyo ni sehemu moja ya tano, ya kutosha kuisogeza kuelekea kuganda. Lori linalolala zaidi ya siku chache linakatwa kwa swichi kuu.

Tahadhari moja hapo: magari yanayotumia maji ya urea kusafisha moshi, baada ya injini kuzimwa pampu huendelea kwa muda kuyarudisha tangini. Maji hayo huganda kwenye nyuzi 11 chini ya sifuri. Ukikata swichi kuu papo hapo, yanabaki kwenye mipira na kuipasua. Subiri taa ya onyo kwenye swichi izime, kisha kata. Nimeandika hilo kwa rangi nyekundu kando ya kila swichi.

Hali ilivyo sasa

Malori yote ya volti 24 yamepimwa na waya za katikati zimeondolewa. Zimebaki trela mbili zinazosubiri kebo mpya za arthi, na yale magari ya zamani yenye betri nne sambamba. Hayo lazima nizitenganishe na kuzipima moja moja, kwa sababu zikiwa pamoja betri moja mbovu hujificha nyuma ya nzima tatu huku ikizinyonya. Kipimo cha mzigo kitafuata: nusu ya zile ampia za kuwashia kwenye baridi zilizo kwenye lebo, kwa sekunde 15, na betri isishuke chini ya volti 9.6 ikiwa kwenye nyuzi 21. Ikiwa nyuzi 18 chini ya sifuri tunakubali hadi 8.5. Msaidizi ataongoza kipimo hicho, mimi nitaandika. Tunaanza na lile lililoegeshwa karibu na lango, ambalo stata yake jana ilisikika nzito.